Maisha ya Dada Yetu Beatrisi Fanueli, Dobi wa Usagara

Dada yetu Beatrisi alizaliwa Bumbuli tarehe 14 Juni 1913, mtoto wa kwanza wa Mzee Fanueli na Mama Mariamu. Mimi Noa, ninayesoma, ni kitinda mimba, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Nitasoma polepole. Tangu juzi sijalala, mtaniwia radhi.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Bumbuli, 1922 hadi 1925. Mama alipougua, dada aliacha shule akashika jiko.

Mwaka 1932 aliolewa na Yonathani, fundi wa reli, wakahamia Tanga, mtaa wa Usagara. Walijaliwa Eliya na Raheli. Yonathani alifariki mwaka 1947, na tangu hapo dada alifua nguo katika nyumba za Wazungu kule Raskazone, akienda na kurudi Usagara kwa miguu. Miguu ilimvimba, akaifunga kitambaa, akaenda tena.

Mwaka 1953 alisikia kuna mpango wa serikali wa kuwakopesha akina mama maskini mtaji. Yeye alitaka pasi mbili za mkaa, mabeseni na meza, awe dobi nyumbani kwake. Karani alimwuliza, "Mume wako yuko wapi?"

"Nimemzika."

"Pole, mama. Lakini bila mume wa kukudhamini, haiwezekani."

Dada akamwuliza kama ofisi inakopesha waume pia.

Akarudi, akapita kwa jirani yake Mzee Zebedayo, mgane aliyekuja pwani zamani kukata mkonge. Akamwambia, "Zebedayo, natafuta mume wa kuweka dole gumba."

Mzee akafikiri. "Lakini kanisani tutaapa, Mama Eliya."

"Tutaapa."

Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 26 Septemba 1953. Watu walisema, wakasema tena, wakachoka. Katika ukoo wetu Zebedayo alipewa jina la mume wa mkopo, na alilisikia. Dada alipata pasi zake, akafanya kazi, na nusu ya Usagara ilikwenda kanisani na msikitini kwa nguo alizozinyoosha yeye.

Mkopo uliisha mwaka 1956. Siku ya malipo ya mwisho Zebedayo alitia nguo zake kikapuni, akasimama mlangoni. "Mama Eliya, nadhani kazi yangu imekwisha."

Dada alikuwa anapiga pasi, wala hakuinua kichwa. "Uende wapi? Chai iko mezani, na shati lako sijalimaliza."

Zebedayo akarudisha kikapu ndani.

Masika ya mwaka jana moyo wa dada ulianza kuchoka, akashindwa kusimama mezani. Zebedayo akashika pasi, na dada akamwelekeza akiwa kitini. Aliunguza kola ya shati la mwalimu mmoja, dada akacheka mpaka akakohoa. Mwezi wa pili mwaka huu alipolazwa hospitali, mzee huyo ndiye aliyemlisha uji na kumkanda miguu. Sisi wengine tulikuja tulipoweza. Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Machi 1959, saa nne asubuhi, Zebedayo akiwa amemshika mkono.

Jana wazee walikaa kikao. Ilisemwa kwamba Zebedayo ni mume wa karatasi, asitajwe katika wasifu huu, na kwamba udongo wa kwanza autie Eliya. Niliwasikiliza wote kwa heshima. Wazee wangu, shikamooni, lakini nimechoka, na mbele ya jeneza la dada yangu sina nguvu ya kusema uongo. Nimemwuliza Eliya. Amesema yeye atangoja zamu yake.

Dada ameacha watoto wawili, Eliya na Raheli, wajukuu watano, na sisi wadogo zake. Na ameacha mume.

Dada, umefanya kazi ya kutosha. Mungu akupumzishe kwa amani yake.

Shemeji Zebedayo, sogea mbele. Udongo wa kwanza ni wako.