Alama Nyekundu Kwenye Mdoriani

Mti mama wa kijiji, kifuani una damu,
Nasi watoto walaji, kila mtu ni sanamu.

Asubuhi hiyo, kando ya mto Landak, benchi la mbele ya duka la kahawa la Sulai lilijaa watu wasiokunywa. Sulai mwenyewe alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagika, asione. Alfajiri alikwenda kuokota doriani zilizodondoka usiku, akaukuta mti wa mababu, ambao kila mjukuu ana haki ya kuokota chini yake, umepakwa alama nyekundu. Kila mti uliopakwa alama ile, kampuni ya michikichi huukata.

– Nyekundu kabisa, shangazi? aliuliza Redio, ambaye habari haijawahi kumpita.

– Kama shingo ya jogoo aliyechinjwa. Nimeigusa, inanata.

– Basi ni mizimu. Imetuchoka, tunakula mpaka kokwa!

– Mzimu gani una brashi, wewe? alidakia Wakili, aliyepewa jina hilo tangu alipowahi kuwa shahidi mahakamani. Huo ni wivu wa watu wa ng'ambo ya mto. Wao wana pekawai, ndugu wa doriani, baba mmoja, ila hanuki. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

– Inahusu nini hapo? aliuliza Redio.

– Inahusu. Fikiri taratibu.

Mzee Gego, mwenye jino moja, aligonga benchi.

– Watoto nyie! Serikali imegundua doriani ina gesi. Mti unapelekwa Jakarta, uchomekwe kwenye bomba, wapikie wali!

Sulai hakucheka. Tangu awe mjane, kahawa ilimlisha miezi tisa ya kila mwaka. Mitatu iliyosalia alilishwa na mti ule.

Ndipo akatokea msichana wa kampuni, mwenye buti za mpira, kopo la rangi mkononi. Benchi zima likamgeukia.

– Wazee, niliyepaka ni mimi, jana jioni. Nimeambiwa ni mti wa porini.

– Porini! Wakili aliruka. Binti, huo ulipandwa! Sisi sote wajukuu!

– Kama ulipandwa, naifuta alama sasa hivi. Fomu inauliza jambo moja tu: aliyeupanda aliitwa nani?

– Babu wa Tangkuyung, alijibu Gego upesi.

– Huyo ni babu wa mtu. Jina lake mwenyewe?

Kwao, kumtaja mkubwa kwa jina ni kumvua nguo hadharani. Baba zao walilisitiri jina lile, na babu zao vilevile, vizazi vinne vya heshima, hata likapotea mikononi mwa waliolitunza.

– Taja lolote, shangazi, alinong'ona Redio.

– Nimbandike babu yangu jina la uongo, kisha nile doriani yake?

Msichana aliinamisha kichwa.

– Msumeno unafika adhuhuri, mama.

Birika lilikauka. Adhuhuri, msumeno uliponguruma, Gego alikuwa kwake, Redio kwake, na Wakili amekwenda kutafuta sheria. Chini ya mdoriani, mahali ambapo msimu ule hapasimami mtu kwa kuogopa matunda mazito ya miiba yanayodondoka, alibaki amesimama Sulai peke yake, mgongo wake umeifunika alama.