Tryphena Mshai, Mama wa Shamba la Simu

Waombolezaji wapendwa, ndugu zetu mlioteremka kutoka Werugha, majirani wa hapa Mbololo ambao ndio wenyeji wetu leo, na ninyi watu wa Voi mliofunga maduka na kuacha vijiwe vyenu ili mtusindikizie mama yetu, familia imenituma mimi, Philemon, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu Tryphena Mshai Mwasaru, kama alivyoyaishi, bila kupunguza wala kuongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Werugha, akiwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Kiwinda na marehemu mama Wakio, wakulima wa viazi na kabeji katika mashamba ya mteremko, ambako mtoto hujifunza kushika jembe kabla ya kushika kalamu, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba jembe hakulipenda, alilikimbia kila alipopata nafasi, na kama angeambiwa utotoni kwamba atazikwa akiitwa mama wa shamba, angecheka hadi alie.

Alianza masomo mwaka wa 1967 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1973, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana huko Wundanyi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata akaenda Nairobi kwa mafunzo ya kupokea na kuunganisha simu, kazi ambayo siku hizo ilihitaji mtu mwenye sauti safi, masikio makali na moyo wa subira.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika ofisi ya simu ya Voi, akakaa mbele ya swichibodi kwa miaka kumi na tisa, na wazee mlioko hapa mnakumbuka kwamba ilikuwa vigumu mtu wa Voi kuongea na mwanawe aliyeko Mombasa au Nairobi bila kupitia kwanza kwa Tryphena, aliyekuwa akijibu, "Voi hapa, nikuunganishe na nani?" kwa namna ambayo hata mwenye habari mbaya alipata nguvu ya kuzitamka. Watu walimfahamu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura, wakamsimamisha sokoni akiuliza bei ya nyanya na kumwambia, "Kumbe ni wewe," na Kikamba chake chote, ambacho alikiongea vizuri kuliko baadhi ya wenyewe, alikiokota kwenye waya.

Tarehe 13 Agosti 1983 alifunga ndoa takatifu na marehemu Stephen Mwasaru, mzaliwa wa hapa Mbololo, gadi wa treni, ambaye alikuwa amempigia simu mara nyingi akitafuta namba ambazo baadaye alikiri hakuzihitaji. Mungu aliwabariki kwa watoto watatu, Donald aliyezaliwa mwaka wa 1984 na anayefanya kazi bandarini Mombasa, Abby aliyezaliwa mwaka wa 1987 na ambaye ni mwalimu huko Mwatate, na Risper aliyezaliwa mwaka wa 1990, ambaye malaria ilimchukua kabla hajatimiza miaka miwili, na ambaye mama yake hakuacha kumhesabu, kwani kila alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu watatu. Amewaacha pia wajukuu watano, mkubwa wao akiwa Shantel aliye chuoni.

Mwaka wa 1998 mashine za kujiunganishia zilipofika, Tryphena na wenzake walipunguzwa kazini, na kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa mtu wa kuamka asubuhi, kuvaa vizuri, kisha kukaa kwenye kiti cha nje asijue aende wapi. Nyuma ya nyumba walizokuwa wakikaa wafanyakazi wa simu, kuelekea mtoni, palikuwa na kipande cha ardhi ya mji ambacho kila mtu alikigeuza jalala, naye pia alikuwa akipeleka huko taka zake, hadi siku moja mwaka wa 1999 alipokuta mmea wa malenge umetambaa juu ya mifuko na chupa, umezaa, na hakuna aliyeupanda. Aliyabeba yale malenge nyumbani, akayapika, na kesho yake akarudi na reki, na wanawake wawili walioachishwa kazi pamoja naye wakamfuata, zaidi kwa upweke kuliko kwa kupenda kilimo, wakasafisha, wakachimba kisima, wakapanda mchicha, kunde na sukuma wiki, na watu wa Voi wakapaita Shamba la Simu, jina ambalo limebaki hata kwa watoto ambao hawajawahi kuona simu ya waya.

Sheria ya shamba lile aliiweka yeye, kwamba asiye na pa kulima apewe tuta, na asiye na nguvu za kulima apewe mboga. Loice, ambaye leo ndiye mwenyekiti wa kikundi, na ambaye mnamwona pale mbele amejifunga leso ya kijani, alifika Voi kutoka Kasigau baada ya ndovu kula mahindi yake yote yakiwa yamebakisha wiki moja kuvunwa, akaja kuomba kazi ya kufua, na Tryphena akamwambia, "Kufua nitafua mwenyewe, wewe njoo nikuonyeshe tuta lako, hapa ndovu akifika itabidi kwanza apite stendi." Stephen alipofariki tarehe 6 Oktoba 2011, ni watu wa shamba lile waliokaa naye, na tangu hapo hatukumwona tena akikaa kwenye kile kiti cha nje.

Mnamo Novemba 2023 wapima ardhi walifika, wakapigilia vigingi katikati ya mboga, na ikajulikana kwamba mpango wa mji ni kujenga pale maegesho ya malori na safu ya maduka. Vijana walitaka kuving'oa vigingi siku ileile, lakini Tryphena aliwakataza, akisema, "Tukiving'oa, kesi itakuwa ya vigingi wala si ya shamba, viacheni, tutamwagilia tukivizunguka," na ndivyo walivyofanya.

Tuseme ukweli hapa, kwa kuwa mwenyewe asingependa tuufiche, kwamba si kila mtu wa Voi aliukataa mradi ule, na aliyeutaka kuliko wote ni jirani yetu Makau, fundi wa magurudumu, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi kando ya barabara bila paa juu ya kichwa chake, na ambaye alikuwa ameahidiwa kibanda. Walibishana kwenye ua wa shamba mara nyingi, Makau akisema, "Mama Donald, mboga hazilipi karo," naye akimjibu, "Na karo hailiwi jioni, Baba Nthambi," kisha wanaachana kila mmoja akiwa na hasira na kila mmoja akiwa na haki kidogo.

Mnamo Januari 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua, akanywa tangawizi na ndimu, na Abby alipompigia simu na kusikia jinsi anavyoongea alimwambia, "Mama, twende hospitali," naye akajibu, "Nikimaliza kikao," kwa maana kikao cha wananchi kutoa maoni kilikuwa kimepangwa tarehe 20 Machi, na alikuwa akizunguka mji mzima, kwenye hoteli, msikitini, kanisani na vijiwe vya bodaboda, akiwaomba watu wafike.

Nao walifika, hadi ukumbi ukajaa na wengine wakasimama madirishani, wapishi wa hoteli walionunua mboga pale, vijana wa bodaboda waliokunywa maji ya kisima kile, akina mama wa msikitini na wanakwaya wakiwa wamekaa benchi moja, na wagonjwa waliowahi kupelekewa mchicha wodini na mtu ambaye hawakumjua jina. Mwenyekiti wa kikao alipomwita Tryphena, alisimama, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na sauti haikutoka, ulitoka mkwaruzo tu kama wa jani kavu la mgomba, watu wa nyuma wakapaza sauti, "Hatusikii!" akajaribu tena, ikawa vilevile, na mwanamke ambaye mji mzima ulimjua kwa sauti akasimama mbele ya mji huo akiwa bubu, mkono umeshika koo.

Mwenyekiti alikuwa tayari ameita jina la mwingine wakati Makau, aliyekaa mstari wa mbele na koti lake la harusi akisubiri zamu yake ya kuutetea mradi, aliposimama na kusema, "Aniambie mimi, nitasema." Tryphena alimtazama kwa muda, kisha akamsogelea, akawa anamnong'oneza sikioni, naye anatamka, sentensi kwa sentensi, kwa sauti yake ile ya gereji.

"Anasema, anaitwa Tryphena, na yeye pia alikuja pale mara ya kwanza kutupa taka, kwa hivyo hamlaumu mtu yeyote anayepaona kama si kitu. Anasema, hakatai maegesho, malori yana haki ya kusimama mahali. Anasema, kule juu kando ya barabara kuu kuna uwanja mtupu, maji hayafiki, hata nyasi zimekataa, jengeni huko. Anasema..." Mwenyekiti akamwambia, "Endelea, mzee." Makau akaangalia chini, akasema, "Anasema, huko mkijenga, kibanda cha kwanza apewe Makau, maana amechomwa na jua miaka mingi na ana watoto wa kusomesha."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Baadaye jina la Makau liliposomwa ili atoe maoni yake, hakuinuka kwenye kiti, akasema tu, "Mimi nimeshasema."

Uamuzi ulitangazwa mwezi wa Julai, kwamba mradi utahamishiwa uwanja ule wa barabarani na shamba libaki mikononi mwa jamii, isipokuwa ukanda wa juu, ambao ulihitajika kwa mtaro wa maji ya mvua, na katika ukanda huo ndimo ilimokuwa mipapai aliyoipanda na mumewe. Siku ya kuikata aliomba apelekwe, akaketi akitazama, na aliloomba ni moja tu, kwamba mapapai yachumwe kwanza, hata yale mabichi.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshajulikana. Tarehe 3 Aprili 2024 Abby alimpeleka hospitali ya Voi, wakatumwa Mombasa kwa vipimo, na mwezi wa Mei wakaambiwa ni saratani ya koo, akaanza matibabu ya mionzi na dawa, akipanda na kushuka kutoka Mombasa kwa mwaka mzima, akikonda, akilishwa kwa mpira, asiweze kumeza hata kijiko cha uji. Familia ilimuuliza daktari kama ile miezi ya kungoja kikao ilileta tofauti, naye, kwa utu wake, alisema hakuna anayeweza kujua, na jibu hilo limetuumiza kuliko lingine lolote.

Abby alilichukia shamba, na ameniruhusu niseme hivyo mbele yenu, hakukanyaga pale karibu mwaka, na siku moja wodini alimuuliza mama yake, "Mama, shamba lilikuwa na thamani kuliko sisi?" Tryphena alilia, akamvuta karibu, akamnong'onezea, "Sikujua ni ugonjwa mkubwa, mwanangu. Nilidhani ni mafua. Ningejua, ningekwenda siku hiyohiyo." Kwa sababu ya maneno hayo, familia inawaomba kwa heshima wote mtakaosimama kuongea leo, msiseme mama yetu alikufa kwa ajili ya shamba, hakutoa maisha yake kwa mboga, alitaka kuishi, alitaka kumwona Shantel akimaliza chuo, alitaka kula kunde zake mwenyewe kwa ugali, na alikosea kama anavyokosea mtu yeyote mwenye kazi nyingi na koo linalouma.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Aprili mwaka huu, akalazwa tena Voi, na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, akiwa ameshikwa mkono na Abby, alivuta pumzi yake ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi na Mombasa, ambao hawakuchoka naye, inawashukuru majirani kwa kuni, maji na usiku mliokesha nasi, inawashukuru wenzake wa ofisi ya simu mliobaki, mnaoingia katika benchi moja, na inamshukuru Makau, ambaye gari lake la kazi ndilo lililompeleka kliniki kila tulipokosa usafiri, na ambaye hadi leo hajakubali tumtilie hata mafuta. Kwa kikundi cha Shamba la Simu hatuna neno la kutosha, ila tunawaomba ninyi wengine msiwashangae mkiwaona wamefika mazishini na matope kwenye viatu, na Abby akiwa mmoja wao, maana walipitia shambani asubuhi kumwagilia kabla ya kupanda basi, kwa sababu jua la Voi halijui msiba.

Mshai wetu, umefanya kazi, umechoka, nasi tumekufikisha. Pumzika hapa kando ya Stephen, kwa amani ya Mungu.