Safu Tupu ya Mama Ekzosi

Leo, Ijumaa tarehe 30, saa kumi na nusu jioni, fundi wetu wa mabomba ya moshi atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kulala chali chini ya magari ya watu. Wateja wanamwita Mama Ekzosi. Hata mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa adabu zake, siku hizi akipiga simu stoo huuliza kama Mama Ekzosi yupo.

Kamati ya kumuaga imeniomba niandike ukurasa mmoja. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa, yeye shimoni, lile shimo fupi analolala chini ya magari, na mimi kwenye dirisha la stoo, hatua kumi na mbili kati yetu. Ukurasa mmoja hautoshi hata kwa mambo aliyonigombezea, kwa hiyo mtanisamehe.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na minane, cheti chake cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, enzi ambazo karakana nzima ilikuwa ya wanaume na choo kilikuwa kimoja. Fundi mkuu wa wakati huo, Mungu amrehemu, alikuwa na mzaha wake kwa wageni. Alimwonyesha gari dogo jekundu lenye bomba lililooza, ambalo lilikuwa limekwisha kuwashinda mafundi wawili, akamwambia kama atalitoa bomba hilo kabla ya chakula cha mchana, kazi anayo. Saa ya chakula ikafika, ikapita. Yeye alikuwa amezisugua boliti kwa brashi ya waya, akazipaka mafuta ya kulainisha kutu, akanawa mikono, akakaa. Jioni akazipaka tena, akaaga, akaenda zake nyumbani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake saa mbili asubuhi boliti zote zilitoka kwa spana ya kawaida, bila hata moja kukatika, na kufikia saa nne bomba jipya lilikuwa limekwisha kuning'inia. Fundi mkuu alisema binti huyu ameshindwa mtihani lakini ameiweza kazi. Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Tuseme ukweli, kubadilisha ekzosi ya gari dogo si kazi ya kujisifia mbele ya wakwe. Fundi wa injini husikilizwa kama daktari, lakini fundi wa bomba hukumbukwa pale tu gari linapoanza kunguruma kama trekta. Kutu inakudondokea machoni, na matope ya njia zote alizopita mwenye gari yanakuangukia shingoni. Mama Ekzosi hupenda kusema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha anaongeza la kwake, kwamba mtaka cha mvunguni mwa gari sharti alale kabisa. Mumewe alimshonea mfuko kifuani mwa ovaroli, wenye kifungo, ili nati zisimwangukie usoni akiwa chali. Ukumbukeni mfuko huo, nitaurudia.

Namna yake ya kazi tunaijua sote kwa moyo. Bomba jipya haliinuliwi mpaka la zamani lilazwe sakafuni kando yake, mdomo kwa mdomo, yalinganishwe kwa macho. Gasketi ya zamani, ile pete ya kuziba kiungo, hairudi, boliti ya zamani hairudi. Kisha vipande vyote huunganishwa vikiwa legelege, kuanzia injini mpaka nyuma, vikaning'inizwa kwenye raba zake. Bomba likishatulia mahali pake bila kugusa chuma cha gari popote, ndipo anaanza kukaza. Fundi anayekaza kiungo cha kwanza kabla cha mwisho hakijaingia, yeye humfananisha na mtu anayefunga vifungo vya shati bila kuangalia. Baada ya hapo gari huwashwa mpaka lipate moto, huzimwa, huachwa lipoe, naye hurudi chini kukaza mara ya pili. Huo muda wa kupoa umemgombanisha na mameneja wanne. Watatu wamehama, na muda wa kupoa upo palepale.

Mwisho wa yote huingia garini peke yake, akafunga vioo, akayapita matuta matatu ya getini kwenda na kurudi, akisikiliza. Mwaka mmoja mteja mgeni, bwana mmoja wa benki, aliona gari lake linatoka getini likiendeshwa na mwanamke asiyemjua. Akalikimbiza kwa soksi, maana viatu alikuwa amevivua ofisini kwetu ili apumzishe miguu. Mama Ekzosi alirudi, akamfungulia mlango kwa heshima zote, akamweleza kwamba bomba halina neno, ila kuna kijiko kinachezacheza chini ya kiti cha nyuma. Tulikitafuta, tukakikuta. Bwana yule hajaenda karakana nyingine tangu siku hiyo.

Na nani asiyeikumbuka habari ya mwalimu mkuu? Gari lake dogo la kijivu lilikuwa na tundu kwenye kopo la sailensa kwa muhula mzima, na shule nzima ilimsikia akiwa bado yuko njia panda. Wanafunzi walikuwa na muda wa kuacha mpira, kuingia darasani, kufungua vitabu na hata kuanza kusoma kwa sauti. Mwalimu mkuu alijisifu kila mahali kwamba shule yake ina nidhamu ya pekee. Mama Ekzosi akambadilishia bomba zima siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake mwalimu akaingia kimya kama paka. Aliyoyakuta huko hakutusimulia yote. Wiki ile mjukuu wa Mama Ekzosi, aliyekuwa akisoma hapohapo, alirudi nyumbani amenuna, akamwambia, “Bibi, kwani usingeacha tu?”

Kwa mujibu wa daftari la stoo amefunga ekzosi elfu sita na ushee. Amefundisha mafundi tisa, na wawili kati yao sasa wana karakana zao na bado humpigia simu bomba likiwatoa jasho. Ni yeye aliyepigania feni ya kutolea moshi shimoni. Aligoma kushuka kwa siku tatu, akakaa juu ya ndoo akifuma, mpaka feni ikafungwa. Hakukubali kamwe kuziba kwa bati bomba lililooza, kwa kuwa moshi wa bomba bovu huingia ndani ya gari kimyakimya, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Wateja walimsihi wakimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliwajibu kwamba hapa ukuta ulishaanguka zamani, na yeye amekuja kujenga.

Sasa nifike kwenye ubao. Wageni mliopo mmeuona, ule mweusi uliopo kati ya dirisha la stoo na bomba la maji, leo umefunikwa gunia. Unaitwa ubao wa marejeo. Kila fundi ana safu yake, na kila gari linalorudi ndani ya miezi sita kwa kasoro ya kazi yake, huchorewa mstari mmoja wa rangi nyeupe. Sheria yake ni fupi: gari likirudi, ni la aliyelala chini yake. Mafundi hodari wana mistari sita, saba. Kuna mmoja, simtaji, amebakiza nafasi ya mstari mmoja tu kabla hajaingia kwenye safu ya jirani. Safu ya Mama Ekzosi ilikuwa tupu. Miaka thelathini na moja, nyeusi tupu. Hakuwahi kujisifu kwayo, lakini kila asubuhi akienda kunawa aliitupia jicho, na mimi niliyekaa dirishani nilimwona. Meneja akaagiza ngao ya kumuaga, yenye maneno: Miaka 31, Hakuna Gari Lililorudi.

Jumatatu ya tarehe 19, siku kumi na moja kabla ya kustaafu, gari likarudi.

Lilikuwa gari dogo la mkunga wa zahanati, alilolifungia ekzosi mpya wiki tano kabla. Mkunga alikuwa akimkimbilia mama mjamzito mchana kweupe, raba ya nyuma ikakatika tutani, bomba likaning'inia na kuburuza barabara, na kiungo cha mbele kikaachia. Moshi ukaanza kuingia ndani. Mkunga alifungua vioo vyote, akaenda hivyohivyo, na mtaa mzima ukajua kwamba kuna mtoto anazaliwa. Mtoto alizaliwa salama. Mkunga alikuja kwetu akiwa na kichwa kinachomgonga na masizi puani.

Mama Ekzosi alilala chini ya gari lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka, mkononi alikuwa na kipande cha ile raba. Alikikunja kati ya vidole, kikapasuka vipande viwili kama mkate mkavu. Kimoja alikitupa. Cha pili alikitia kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. Meneja alimfuata, akamweleza kwa upole kwamba zimebaki siku chache, ngao imekwisha kuandikwa, na mstari mmoja si lazima uchorwe. Alimjibu mbele yetu sote, “Mkunga angelala usingizi njiani kwa moshi ule, meneja, ngao hiyo ungeipeleka kwa nani?” Kisha akaja dirishani kwangu akaomba brashi na kopo la rangi. Nikampa kwa mikono yangu miwili. Akachora mstari wake mwenyewe, ulionyooka vizuri, akanirudishia brashi ikiwa imeoshwa. Ngao ilirudishwa kwa mchongaji, na maneno yale yakafutwa.

Meneja ameusoma ukurasa wa kwanza tu wa wasifu huu, kama ilivyo kawaida yake, kwa hiyo yanayofuata atayasikia pamoja nanyi.

Raba ile mimi ndiye niliyeitoa stoo. Raba zikikaa rafuni zaidi ya miaka mitatu hukauka, na mtunza stoo anatakiwa ajaze fomu na kuzitupa. Mwanzoni mwa mwaka, nikisafisha, nilikuta boksi zima la raba kuukuu nyuma ya matairi. Fomu ina kurasa nne. Raba hizo nilizimimina kwenye boksi la raba mpya, nikakoroga, nikaendelea na chai yangu. Siku ya kulifungia bomba gari la mkunga, Mama Ekzosi aliuliza kupitia dirishani kama raba hizi ni za mzigo mpya, kwa sababu moja aliiona ngumu kidogo alipoibonyeza kwa ukucha. Nilimjibu bila kuinua macho, “Mpya hizo, dada, jana tu zimeingia.” Mtu ambaye hamwamini hata mtengenezaji wa bomba, siku hiyo aliniamini mimi.

Alijua tangu alipolala chini ya gari lile. Raba haikauki kwa wiki tano. Angeweza kunyoosha kidole dirishani mbele ya meneja, na safu yake ingebaki kama ilivyokuwa. Badala yake alikuja kuniomba brashi. Mimi kwa siku nane nilimwamkia kila asubuhi na kumgawia gasketi kana kwamba sina habari. Najionea aibu kuyaandika haya, lakini mficha uchi hazai.

Jumanne wiki hii mumewe alipiga simu stoo. Alikuwa na swali dogo tu. Alitaka kujua kile kipande cha raba ni cha nini, maana kila ovaroli ikienda kufuliwa mkewe anakitoa mfukoni, na ikishakauka anakirudisha na kufunga kifungo. Akimuuliza, humjibu kwamba ni cha mtu, mwenyewe atakuja kukichukua.

Jana asubuhi nilifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Nilichukua rangi nyeusi na kuufuta ule mstari. Kisha, pembeni kabisa mwa ubao, nikapiga safu mpya ambayo haijawahi kuwepo hapa, nikaandika juu yake STOO, na chini yake nikachora mstari mmoja mweupe. Wangu haukunyooka kama wake. Boksi lote nimelitupa, na kurasa nne za fomu zipo mezani kwa meneja, chini ya kikombe chake. Walioniuliza kuhusu gunia niliwaambia rangi haijakauka, na huo haukuwa uongo. Ngao siwezi kuirudishia maneno yake kwa leo, lakini ubao uko ukutani kwangu na utabaki hivyo. Nawaomba wawili mliokaa karibu na bomba la maji mlivute hilo gunia sasa.

Dada, safu yako iko tupu. Asante kwa magari elfu sita yaliyofika kwa watu wake bila kelele, na kwa watoto waliolala viti vya nyuma ambao hawatajua jina lako kamwe. Asante kwa kunigombeza, na zaidi kwa ile siku ambayo hukunigombeza. Sote hapa tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kutu machoni, na mumeo akushonee sasa nguo isiyo na mfuko wa nati.

Ila kabla hujaivua hiyo ovaroli, fungua kifungo cha kifuani. Mwenyewe nimekuja kukichukua.