Miaka Elfu Moja ya Daktari Kamene

Mimi Irungu, mlinzi wa geti, nina miaka sabini na sita ya kitambulisho, na nimewazika wakurugenzi watatu wa kituo hiki cha hali ya hewa hapa Donholm. Ndiyo maana naandika mimi, si hawa wenye digrii. Daktari Kamene anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Kazi yake ni upepo unaozunguka juu kabisa ya Ncha ya Kaskazini, kupita ndege zinakopita. Alisema upepo huo hupata nguvu miaka mingi, kisha hulegea miaka mingi, polepole mno, hata mtu huzeeka kabla ya kuona. Kwa hivyo akautengenezea modeli, yaani upepo wa hesabu ndani ya kompyuta, unaomaliza mwaka mzima kwa saa mbili. Mkurugenzi Mutunga akacheka: "Kamene, hiyo ni hitilafu ya mashine." Akamwambia afikishe miaka elfu moja kabla ya kustaafu, ama matokeo yatupwe.

Tulifika mwaka wa mia tisa thelathini na tisa. Carolyne wa jikoni akachomeka koili ya kuchemshia maji ya chai kwenye soketi ya kompyuta. Stima ikapotea, na miaka tisa ikaenda nayo, maana mashine huhifadhi hesabu kila baada ya miaka kumi. Misimu tisa ya baridi, kwa sababu ya chai! Daktari aliketi sakafuni. Zilibaki siku saba.

Nikaleta kiti, nikaketi mbele ya soketi. Carolyne akanijia na sufuria: "Mzee, kwani watu wa Ncha hawanywi chai?"

"Mama, huko hakuna watu. Ni upepo tu, na unakushinda adabu."

Kwa kukosa chai, ofisi nzima ikawa inaenda kunywa supu Soko la Burma. Mutunga alikonda.

Siku ya sita, alasiri, mwaka wa elfu moja ukaingia. Mstari wa nguvu za upepo kwenye kioo cha kompyuta ulipanda taratibu, ukashuka taratibu, mara kumi na nne. Mutunga akavua miwani: "Daktari, nilikosea." Mimi nilijua tangu mwaka wa mia mbili. Mlinzi mwingine aliyelinda miaka elfu moja Eastlands yote hayuko.

Asante, Daktari. Huko nyumbani kwako Kangundo upate mvua za kutosha na magoti yasiyouma. Anayesema nimeongeza chumvi amuulize Carolyne. Hanipendi, kwa hivyo hawezi kunidanganyia.