Setilaiti Iliyosubiri Jua Litulie: Maisha ya Dk. Damari Kihwele

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wa pande zote mbili, wa Iringa na wa Mbeya, na ninyi mliosimama juani kwa sababu maturubai hayakutosha, kamwene. Mimi ni Zabron, mtoto wa shangazi yake marehemu, na ukoo umenipa kazi hii ya kusoma ukijua fika kwamba binamu ni mtani, kwa hiyo nikiteleza nikamtania aliyelala hapa msinikazie macho, maana angekuwa yeye anasoma yangu, leo mngecheka mpaka mchungaji akasirike.

Dk. Damari Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa hapa Kalenga, akiwa mtoto wa tatu wa mjomba wangu, mzee Anord Kihwele, ambaye ametangulia, na mama yetu Lusia, ambaye tunaye amekaa pale mbele, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo, akakua akilima mahindi na kuchunga mbuzi, na hiyo ya kuchunga aliifanya vibaya kuliko mtoto yeyote wa kijiji hiki, kwa kuwa yeye macho yalikuwa juu mawinguni na mbuzi walikuwa kwenye maharage ya watu.

Alisoma Shule ya Msingi Kalenga kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akachaguliwa kwenda sekondari Iringa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987 na cha sita mwaka 1990, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991 na kuhitimu shahada ya fizikia mwaka 1994, na wazee walipomuuliza mjomba hiyo fizikia inatibu ugonjwa gani, alijibu kwamba hata yeye hajui, ila mtoto amefaulu na kufaulu kwenyewe kunatosha.

Alianza kazi ya ualimu wa sekondari jijini Mbeya mwaka 1995, huko akakutana na shemeji yetu Isakwisa Mwaijande, mfanyabiashara wa mchele anayeutoa Rujewa, wakafunga ndoa tarehe 20 Julai 1996 katika usharika huu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tumpe, aliyezaliwa mwaka 1998, na Edmund, aliyezaliwa mwaka 2009. Ile miaka mingi iliyopita kati ya mtoto wa kwanza na wa pili mnaijua sababu yake, maana wengine mliisema sana: mwaka 2001 marehemu alipata nafasi ya kusoma kaskazini kabisa mwa Norwe, akaenda, na shemeji akabaki Mbeya anasuka nywele za Tumpe kwa mikono ile ile ya kubebea magunia, watu wakamcheka, naye akawajibu kwamba mke hakukimbia, ametumwa na akili yake. Shemeji, kwa hilo Wahehe tumekusamehe kuwa Mnyakyusa.

Kule alisomea jambo ambalo naomba nilieleze polepole, kwa kuwa ndilo lililomfanya awe Damari. Jua halitupi mwanga na joto peke yake, hutupa pia upepo wa chembe zenye umeme, na siku likichafuka huutupa kwa hasira, nayo dunia ina sumaku inayotukinga sisi tunaokaa huku katikati, lakini karibu na ncha za kaskazini na kusini sumaku hiyo hiyo ndiyo inayoziongoza chembe kushuka, usiku mbingu zikawaka kijani na nyekundu, umeme ukatembea angani, na hewa ya juu kabisa, zaidi ya kilometa mia moja kutoka tulipo, ikapata moto na kuvimba. Mama Lusia alipomuuliza inavimbaje, alimwambia kama maziwa jikoni, yakipata moto hupanda yakafika mahali ambapo hayakuwapo, na setilaiti inayopita huko juu hukutana na hewa nzito kuliko iliyoizoea, ikapungua mwendo, ikashuka, na ikishuka sana inaungua.

Alirudi na shahada ya uzamivu mwaka 2008, akafundisha chuo Mbeya hadi ugonjwa ulipomzuia, na mwaka 2019 yeye na wanafunzi wake walianza kuunda setilaiti ndogo, ukubwa wake kama dumu la mafuta ya kula, wakaiita Ruaha, ili ipite juu ya ncha zote mbili na kupima hewa inavyovimba. Watu waliuliza Mbeya na ncha ya kaskazini wapi na wapi, naye hakuchoka kueleza kwamba setilaiti ya namna hiyo hupita kaskazini na kusini huku dunia ikijizungusha chini yake, hivyo kila siku itapita pia juu ya Mbeya na kutuletea habari nyumbani. Hilo ndilo alilolitaka maishani kuliko cheo na kuliko nyumba ya ghorofa: aione Ruaha ikifanya kazi kwa macho yake.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 ugonjwa ukarudi kwa kishindo, na daktari akamweleza bila kumficha kwamba sasa wahesabu miezi. Roketi ya kigeni ya kubeba Ruaha ilipangwa kuondoka Aprili, sote tukamshukuru Mungu kwamba ataiona, na hapo ndipo binamu yangu aliponitoa jasho. Siku chache kabla ya safari alisema setilaiti isiende, kwa sababu jua nalo hujizungusha, madoa yake makubwa meusi yaliyolipuka mwezi uliotangulia yangerudi kutuelekea wiki ile ile, na roketi ingeiachia Ruaha angani chini chini, ndani ya hewa iliyovimba, kabla haijapata nguvu ya kujipandisha.

Jamani, nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi mitano! Didas, kijana aliyeongoza wenzake katika kazi hiyo, alipiga magoti karibu na kitanda chake akamsihi akisema mama, twende hivyo hivyo, pengine madoa yamekwisha kufa huko nyuma ya jua, uione angalau ikiruka, na mimi nilimuunga mkono, shemeji pia, Tumpe analia ukutani. Damari alituangalia sisi wote kama alivyokuwa akiwaangalia mbuzi wa jirani, akasema hakuihangaikia Ruaha miaka sita ili iwe fataki ya kumuaga yeye, kwamba kama ni kuiona ataiona akiwa hai au hataiona, lakini itakuwepo, na akamwagiza Didas aandike barua ya kuiondoa siku hiyo hiyo. Kijana aliandika huku machozi yanamtoka.

Roketi iliondoka bila Ruaha, madoa yakarudi mazima, jua likalipuka, na katika setilaiti ndogo nne ambazo roketi iliziachia angani chini chini safari ile, tatu ziliungua ndani ya wiki moja. Habari ilipofika Mbeya hakuna aliyecheka wala kushangilia, maana nazo zilikuwa jasho la watu, ila Didas alikwenda kwa Damari, mama yake wa chuo, akakaa sakafuni karibu na kitanda.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na binamu yangu alisubiri kwa ubishi mtupu, akala alipokuwa hana hamu, akameza dawa zilizokuwa zinamtapisha, akawaambia wauguzi kwamba ana miadi mwezi wa tisa. Ruaha iliruka tarehe 18 Septemba 2025, wanafunzi wakaleta antena wakaisimamisha uani kwake, karibu na migomba ya shemeji, wakamtoa na godoro lake, na setilaiti ilipopita juu ya Mbeya redio ikalia, jamani ikalia kweli kweli, marehemu akapiga kigelegele kwa kifua kile kile kilichokuwa kinakosa pumzi, shemeji akaruka na mwili wake wote akavunja kigoda. Novemba jua lilipochafuka tena, Ruaha ikapima hewa ya kaskazini na ya kusini ikivimba, na vipimo vikasema alichokuwa akisema yeye. Wewe uliyedhani mtoto wa Kalenga alikwenda Norwe kushangaa theluji, umesikia.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 8 Januari 2026, nyumbani kwake Mbeya, akiwa amezungukwa na mumewe na watoto wake, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Sasa kuna maneno yanazunguka huku nyuma tangu jana, eti wale watoto wa chuo aliowalea wako wapi, mbona hawaji kumwaga udongo, na kwetu sisi kukosa kaburini si jambo dogo. Nisikilizeni vizuri. Jua limelipuka Alhamisi hiyo hiyo aliyofariki, dhoruba imefika ncha za dunia leo, na Ruaha inataka watu wa kuiongoza isishuke na kupokea vipimo vyake; vijana walikuja kumuaga jana Mbeya wakiwa wameshavaa nguo za safari, na ni shemeji Isakwisa mwenyewe, mfiwa, aliyewazuia mlangoni, akawaambia, atakayeiacha Ruaha kesho ili aje kula wali wa msiba, huyo si mwanafunzi wa mke wangu. Atakayemlaumu Didas aanze na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania Mbeya, majirani waliopika na kukesha, walimu wenzake, wanakwaya, na ninyi nyote mliotoka mbali, na hatuna cha kuwalipa ila dua.

Tulipokuwa tunatoka kanisani Didas amenipigia simu, hewa ya juu imevimba kuliko walivyowahi kuipima, Ruaha imepita kaskazini, imepita kusini, imerudi juu ya Mbeya, na haijashuka. Mama Lusia, ni msiba ndiyo, lakini mwanao ameshinda, ukitaka kupiga kigelegele piga. Na wewe Damari, binamu yangu mbishi, pumzika kwa amani, wanao wako kazini.