Kaka Yetu na Kiti cha Rangi ya Maziwa

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mwenzetu, karatasi hii imeandikwa na mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayeisoma, naye anaomba mumvumilie akikwama mahali, kwa kuwa si kila mstari ulikuwa mwepesi kuandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yao alikuwa mlinzi wa lango. Alianza shule Januari 1970, akamaliza darasa la saba Novemba 1976, na hakuendelea mbele, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mwaka huo baba alifariki, mama akabaki na wadogo wawili, mmoja akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na huyo wa mgongoni ndiye aliyesimama mbele yenu.

Mwaka 1977 aliingia kwa fundi mshona viti, akajifunza ngozi, mishono na sponji, na tarehe 2 Mei 1989 aliajiriwa katika gereji iliyo karibu na mzunguko wa barabara, kitengo cha kusafisha magari ndani. Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na dada mshonaji wa sare za shule, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa mabinti wawili, 1988 na 1991, na kijana mmoja, 1996.

Waliofanya naye kazi wanajua jinsi alivyokishika kiti cha ngozi nyeupe. Alifyonza vumbi kwenye mishono kwanza, akajaribu povu la sabuni laini chini ya kiti, mahali pasipoonekana, akasubiri pakauke ndipo aguse juu, kwa brashi ya manyoya laini na kitambaa kilichokamuliwa sana, akafuta, akakausha, akarudia, na doa likigoma alilaza kazi hadi kesho yake. Mteja akimharakisha alimjibu, "Bosi, hii ni ngozi, si sufuria," na mteja akacheka, akaenda kunywa chai.

Mwaka 2005, mwezi wa Januari, alimwombea mdogo wake kazi hapo hapo gerejini. Jumamosi ya tarehe 11 Juni mwaka huo kulikuwa na gari la mwalimu mkuu mmoja, mama mpole, kiti cha dereva rangi ya maziwa, kimeingiwa na buluu ya suruali mpya ya jinzi. Marehemu alikuwa amekishughulikia siku mbili, na buluu ilikuwa ikififia pole pole. Asubuhi hiyo alitoka kwenda kununua mafuta ya ngozi, akamwachia mdogo wake neno moja, "Gusa kwa povu tu, doa likigoma liache, narudi."

Mdogo wake hakuliacha. Alichukua thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, kwenye meza ya wapaka rangi, akalowesha kitambaa, akasugua, na buluu ikatoka papo hapo, akapiga mluzi kwa furaha, na kabla mluzi haujaisha rangi ya maziwa nayo ikatoka, likabaki baka la kijivu, kubwa kama sahani, gumu kama gamba. Mwenye gereji akaingia na yule mama, akauliza, "Nani ameshika hiki kiti?" Marehemu ndiyo kwanza alikuwa anafika mlangoni, akakitazama kiti, akamtazama mdogo wake aliyeficha kitambaa nyuma ya mgongo, akasema, "Ni mimi, mzee." Akafukuzwa siku hiyo hiyo, baada ya miaka kumi na sita. Mdogo wake alikuwa na sababu za kunyamaza, mke wake alikuwa karibu kujifungua, lakini sababu hizo alikuwa nazo pia siku zote zilizofuata, na mtoto huyo sasa ana ndevu.

Mdogo wake alipewa nafasi ya marehemu, pamoja na brashi yake. Marehemu alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba na ndoo kwenye baiskeli, na pale gerejini wakambatiza Mzee Thina. Akipita walimwita, "Mzee Thina, nichubue na mimi hiki kitambi!" na wote walicheka, na mdogo wake alicheka pamoja nao. Jina lilimtangulia kila mtaa, ikawa mwenye viti vyeupe hampi gari, na kwa miaka kumi na tisa fundi huyo alisafisha viti vyeusi tu.

Kwenye harusi ya binti mkubwa wa marehemu, tarehe 20 Agosti 2011, mdogo wake alijaribu kulisema jambo la kile kiti. Marehemu alimjibu, "Achana nayo, kula, chakula kinapoa." Naye akala.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2023. Siku ya mwisho mdogo wake alipokwenda kumwona walizungumzia mpira, mdogo wake akaaga akisema kesho kuna jambo wataongea. Kesho yake, Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa nne asubuhi, marehemu alifariki katika hospitali ya wilaya, akiwa na umri wa miaka 63.

Juzi mdogo wake alimsomea mjane nusu ya habari hizi, ile nusu nyepesi, kisha akamaliza nusu nyingine akilia. Mjane akasema, "Shemeji, watoto wangu walilibeba jina hilo shuleni. Isome yote."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, na majirani waliokesha nasi. Wafanyakazi wa gereji, mliokuja leo mkiongozwa na mwenye gereji mwenyewe, asanteni sana. Tangazo la msiba mlilobandika langoni limeandikwa Mzee Thina, basi mkirudi lifuteni, muandike jina la fundi. Mdogo wake ataripoti kazini Jumatatu saa moja, na mkiita Thina, ataitika.

Kaka, pumzika kwa amani.