Nyuzi Mbili za Ustadh Allah Ditta

Nje ya kibanda cha chai, karibu na Lango la Bohar, kuna benchi lililobeba makalio mengi kuliko treni ya Karachi. Asubuhi hiyo jua la Multan lilikuwa kali hadi nzi wakaacha kuruka, wakawa wanatembea kwa miguu. Ustadh Allah Ditta, aliyepika halwa kwa miaka arobaini, aliketi ameshika kipimajoto cha jikoni kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Maisha yake yote alipima shira kwa kidole gumba na cha shahada: unaibana, unaachanisha, unahesabu nyuzi. Barfi, ile halwa ya maziwa ya kukatwa vipande, inataka nyuzi mbili, na kijiwe kilimwita hivyohivyo, Nyuzi Mbili. Sasa kisukari kimeua hisia za vidole. Wiki hii ameharibu makarai mawili, na Ijumaa mjukuu wake Sumbal anaolewa. Binti yake amemletea hicho kidude kutoka Lahore.

— Kinasemaje? aliuliza Injinia, ambaye katika maisha yake alitengeneza feni moja, nayo mpaka leo inazunguka kinyumenyume.

— Jana kilisema mia na nane, mara mia na thelathini. Mimi nataka mbili.

— Nyuzi ni nyuzi, ngoja kishuke hadi mbili, alisema Wakili. Huyu alibeba mkoba wa wakili mwaka mmoja, akarudi na cheo.

— Kikishuka hadi mbili, Wakili, nitakuwa napika barafu.

— Basi kopa vidole vya mtu.

— Vya nani? Mwanafunzi wangu wa mwisho yuko Karachi anauza simu.

Injinia alikohoa.

— Ncha uliigusisha kwenye kitako cha karai?

— Iliegemea.

— Basi ulipima chuma, hukupima shira. Ining'inie katikati.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu mwaka wa mafuriko, likamtisha mwenyewe.

— Na ukimaliza futa ncha tu, kichwa kisiguse maji. Halafu usikisifu.

— Kwa nini nisikisifu?

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kikiingia maji kimekufa.

— Kosa ni kununua kimoja, alisema Wakili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ungechukua viwili, vitoe ushahidi, vikipishana unavifunga vyote.

— Binti alichagua vizuri. Ncha ndefu, kinafika mia mbili na hamsini, kinajibu kabla hujameza mate. Asiyejua kitu ni mimi.

— Hapana, Ustadh. Kimezaliwa nchi ya baridi, kinaona haya, alisema Injinia. Kilaze kwenye mtindi siku tatu. Mjomba wangu aliilaza redio ya Kijapani, ikaamka inasema Kisaraiki cha hapa kwetu.

— Ikasema nini?

— Ikaomba sukari zaidi.

Wakili alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Ustadh hakucheka. Aliweka ncha ya kidole kwenye bilauri ya chai inayofuka, akaiacha humo. Wenzake waliitazama. Injinia ndiye aliyeutoa mkono wake, taratibu, kidole kimeiva kama nyanya.

— Usifanye hivyo, kaka.

— Nilikuwa naangalia tu kama kidole kimerudi.

Hapo akafika Bakhtawar, mama muuza maziwa. Alitua kopo lake, akapewa bilauri ya mwisho; mwenye chai alishainamisha birika hadi likatoa majani.

— Salaam, Ustadh. Hicho ndicho kinachoshika kazi ya vidole?

— Bado kinajifunza, dada.

— Na vidole vilipokuwa vizima, ulipovuta nyuzi mbili, joto lilikuwa ngapi?

Wakili alikaza kilemba kilicholegea.

Ustadh aliinua mkono. Akabana kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha polepole, akaangalia katikati.

— Miaka arobaini, alisema. Sikuwahi kuuliza ni ngapi.

Bakhtawar alimaliza chai yake, akajitwika kopo lake. Kwenye benchi kipimajoto kilikuwa kimesimama kwenye arobaini na mbili, na hiyo ilikuwa hewa tu.